UPANGA NA RAFIKI: NI KITU GANI INABAKIA MU MOYO WA KIJANA ANAYECHEZA?



Kuna ulizo moja ambalo wazazi wanaletaka kwetu wachungaji mara nyingi: «Pasta, mutoto wangu anakesha na ile michezo ya panga na mashetani ku telefone. Ni zambi ao hapana?» Na vijana wao wanatujibu kwa namna ingine: «Pasta, haiko vita njo napenda. Napenda wale watu wenye kutembea na mimi mu muchezo.»

Jibu hilo la vijana linastahili kusikilizwa. Wazazi wengi wanaangalia vita peke yake, juu vita ndiyo inaonekana na kusikika. Lakini mu michezo hii kuna mambo mawili: kuna vita, na kuna wenzi wa safari. Yote mawili yanafanya kazi mu moyo wa mwenye kucheza, lakini hayafanyi kazi moja. Mwezi huu tuyapime yote mawili, moja kando ya lingine.

MICHEZO HII NI NINI?

Tunasema juu ya michezo ya ordinatere ambamo mutu anashika nafasi ya shujaa mu inchi ya kuwaza tu, inchi ya wafalme, majitu makubwa, uchawi na mapango. Haiko sawa na muchezo wa mupira ao wa mbio za motokari. Muchezo mumoja unaweza kuchukua saa makumi mengi. Shujaa haendi yeye peke yake: anakusanya wenzake njiani, watatu, watano, wengine wazuri, wengine wabaya. Anapigana pamoja nao, tena anazungumza nao.

Michezo hii iko na wazazi wawili. Muzazi wa kwanza ni muchezo wa vita wa mezani. Katika mwaka 1974, kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa muchezo wenye jina Dungeons & Dragons. Ulizaliwa kutoka michezo ya kupanga askari wadogo juu ya meza, na ndiyo maana kanuni zake zilikuwa nyingi sana kwa habari ya kupiga na kupigwa: kutupa kete, kuhesabu pointi za uzima, kuangalia kama ngao imezuia upanga.

Muzazi wa pili ni hadithi za marafiki wanaosafiri pamoja. Hadithi iliyojulikana zaidi ni The Lord of the Rings, ya Mwingereza J. R. R. Tolkien, iliyochapwa katika miaka 1954 na 1955. Tolkien alikuwa Mukristo wa Kanisa Katolika. Katika mwaka 1916 alikuwa askari mu vita ya Somme kule Ufaransa, na vita ile kubwa ilimunyanganya marafiki wa karibu. Katika hadithi yake watu tisa wanaanza safari pamoja, na kitu kinachowafikisha ni uaminifu wao kuliko panga zao.

Sasa, wakati michezo hii ilipoingia mu ordinatere, muzazi wa kwanza alikuwa na nguvu kuliko wa pili. Sababu ni rahisi: ordinatere ni masini ya kuhesabu. Kuhesabu pointi za upanga, inaweza kufanya vizuri sana. Lakini urafiki hauhesabiki. Kwa hiyo mu michezo ya zamani vita ilikuwa mingi, na mwenzi wa safari alikuwa jina tu na namba zake.

Hata hivyo, wengine walijaribu njia ingine mapema. Katika mwaka 1985, Richard Garriott alitoa Ultima IV. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba barua za wazazi waliolalamika juu ya michezo yake ya mbele zilimufanya afikiri sana. Mu Ultima IV mwisho wa safari hauko kuua adui mukubwa. Shujaa anapaswa kukomaa katika sifa nane, kati yao ukweli, huruma, haki, kujitoa na unyenyekevu. Kuna muuzaji wa dawa za majani ambaye ni kipofu: wewe mwenyewe unasema umelipa kiasi gani. Ukimuibia, hakuna polisi anayekuja, lakini muchezo unaandika, na kiisha unajikuta mbali na ukweli. Muzazi mwenye kusoma hii ataelewa: barua moja iliyoandikwa kwa heshima inaweza kumugeuza hata mutu mwenye kutengeneza michezo.

VITA: INAFUNDISHA NINI?

Tuchukue muchezo unaojulikana sana, Baldur's Gate. Ulitoka katika mwezi wa 12 wa mwaka 1998. Kampuni iliyoutengeneza, BioWare, ya muji wa Edmonton kule Kanada, ilianzishwa katika mwaka 1995 na watu waliosoma udaktari. Hata kama ni wa zamani, tangu mwaka 2014 unapatikana pia kwa telefone za Android, na ndiyo maana ungali mikononi mwa vijana leo.

Mu muchezo huo unaongoza watu sita. Adui anapotokea unaweza kusimamisha wakati. Wote wanasimama kama sanamu. Unawaza: huyu mwenye ngao aende mbele, yule mwenye mishale abaki nyuma, huyu aliyeumizwa atoke haraka. Halafu unaachilia wakati, na masini inatupa kete yake ya pande 20 mahali ambapo hauoni. Ukikosea mupango, watu wako wanakufa.

Tuseme kweli: hapo kuna jambo zuri. Kijana anajifunza uvumilivu. Anajifunza kwamba nguvu bila akili haisaidii, na kwamba kila mutu mu kikosi ana kazi yake. Mwenye nguvu anasimama mbele ya mwenye kuwa zaifu. Mutume Paulo mu 1 Wakorinto 12 anasema juu ya viungo vingi katika mwili mumoja, na kijana aliyecheza vizuri anaweza kuelewa sura hiyo upesi.

Lakini vita hiyo iko na mafundisho matatu mabaya, na yanaingia polepole bila kupiga kelele.

La kwanza: adui anakuwa gunia la pointi. Kila mutu unayemuua anakuongezea pointi za kukomaa, na kiisha unafungua mifuko yake. Mu michezo mingi ya namna hii kuua ndiyo kazi inayolipa. Kijana anaanza kuangalia pori na kuuliza: «Hapa kuna pointi ngapi?» Haulizi tena: «Hapa nani anaishi?»

La pili: kifo hakina uzito. Mu Baldur's Gate mwenzi akikufa, mara nyingi unaweza kumubeba mpaka ku hekalu, unalipa zahabu, na anafufuka. Ao unarudisha muchezo mahali ulipouweka mbele ya vita, kama vile hakuna kilichotokea. Sisi tunaoishi karibu na migodi tunajua kwamba haiko hivyo. Shimo likibomoka, hakuna kurudisha. Mama aliyepoteza kijana wake mu karieri hana mahali pa kulipa zahabu. Ufufuo tunaouamini haukununuliwa kwa feza, ulinunuliwa kwa damu ya Mwana-Kondoo.

La tatu, na hili ndilo kubwa: katika vita mwenzi wako anakuwa chombo. Mu Baldur's Gate kuna bwana na bibi, Khalid na Jaheira. Wanatembea pamoja, na ukimufukuza mumoja, mwingine naye anaondoka. Ni jambo zuri, waandishi waliheshimu ndoa. Lakini wachezaji wengi waliona kwamba Jaheira anasaidia kikosi kuliko mume wake, na nafasi ni sita tu. Basi wakavumbua hila: wanamutuma Khalid mbele peke yake, adui wanamuua, na Jaheira anabaki.

Ndugu zangu, hila hiyo iko mu Biblia. Someni 2 Samweli 11. Mufalme Daudi alimutaka muke wa Uria, akaandika barua kwa Yoabu ili Uria awekwe mahali ambapo vita ni kali, halafu wengine warudi nyuma. Uria alibeba barua ile kwa mukono wake mwenyewe. Mwanaume yule alikuwa kati ya mashujaa wa Daudi, jina lake linafunga liste yao mu 2 Samweli 23:39. Kijana aliyecheza hila hiyo hakuua mutu, na tusimuhukumu kama muuaji. Lakini mawazo yake yalitembea mu njia ile ile: mutu ni faida ao ni muzigo. Na njia ile inajulikana hapa kwetu, mahali ambapo kuna wenye kutuma wenzao mu shimo ambalo wao wenyewe hawawezi kuingia.

WENZI WA SAFARI: WANAFUNDISHA NINI?

Sasa tuangalie upande wa pili. Wale wa BioWare walitoa Baldur's Gate II katika mwaka 2000, na hapo wenzi wa safari walianza kuongea kweli kweli. Khalid anakutwa amekufa tangu mwanzo, na Jaheira anamulilia mume wake safari ndefu. Yule ambaye wachezaji walimutupa kama chombo, waandishi wakamupa matanga.

Mu muchezo huo kuna muzee mumoja, Keldorn. Ni askari mutakatifu, anapigana kwa ajili ya haki maisha yake yote, na kikosi kinamuhitaji sana juu anawashinda watu wa uchawi. Siku moja anarudi ku nyumba yake mu muji. Anakuta watoto wake wawili wa kike hawamujui vizuri, na muke wake amepata faraja kwa mwanaume mwingine, juu yeye haonekanaki ku nyumba. Keldorn anakuuliza wewe: nifanye nini? Nimupeleke bibi mbele ya sheria, na yule mwanaume pia? Ao nisamehe? Ukimushauri sheria, jamaa inavunjika na mutu anakufa. Ukimushauri musamaha, anaanza kuona kosa lake mwenyewe, kwamba aliokoa wageni wengi lakini aliacha nyumba yake. Na kuna njia ambamo anaweka upanga chini na kubaki na watoto wake.

Baba zetu wengi wanatoka ku nyumba na kwenda Kolwezi, Fungurume ao mbali zaidi, miezi na miezi, juu ya feza ya jamaa. Feza inafika, lakini baba hafiki. Na wakati anarudi, watoto wanamusalimia kama mugeni. Hadithi ya Keldorn ilitungwa na watu wa Kanada wasiojua Katanga, lakini inagusa kidonda chetu. Ona tena namna vita na urafiki vinapingana hapo: kama unapenda muzee huyu kweli, unakubali kupoteza mupiganaji hodari. Kama unapenda upanga wake peke yake, utamushauri vibaya ili abaki na wewe. Hakuna kete inayoweza kuamua hilo. Ni moyo wa mwenye kucheza.

Muchezo mwingine wa zamani, Planescape: Torment, wa mwaka 1999, ulikwenda mbali zaidi. Mwenye kuongoza kazi ya kuupanga na kuuandika alikuwa Chris Avellone. Watu wanakadiri kwamba una maneno karibu 800,000, kama vile Biblia nzima ya Kiingereza. Vita yake haiko nzuri, hata wale wanaoupenda wanakubali. Lakini vita mingi unaweza kuiepuka kwa kuzungumza, hata ile ya mwisho kabisa.

Shujaa wake ni mutu asiyeweza kufa. Anapouawa anaamuka tena, na amesahau maisha yake ya mbele. Kati ya wenzi wake kuna Dak'kon, mupiganaji mwenye huzuni, aliyeapa kumutumikia mpaka kifo cha huyo shujaa. Lakini shujaa hafi! Basi deni halina mwisho. Kidogo kidogo unagundua jambo la kutisha: zamani, katika maisha uliyosahau, wewe ndiwe ulimukuta Dak'kon katika mashaka ya imani, ukamupa maneno ya kumuinua, si kwa huruma, lakini juu ulihitaji upanga wake. Ulimuokoa ili umufunge.

Wachimbaji wetu wataelewa bila kufasiriwa. Kuna tajiri anayekupa unga, lampe na nyundo siku ambayo jamaa yako ina njaa, na kila kilo unayotoa mu shimo inaenda kwake, mwaka na mwaka, na deni haliishi. Musaada wenye ndoano ndani. Mutengenezaji wa muchezo alichukua kanuni ya vita yenyewe, ile ya kumufanya mwenzako chombo, akaifanya kuwa zambi ambayo shujaa anapaswa kuiona na kuijutia. Hapo maandishi yameihukumu vita.

MAHALI UPANGA NA RAFIKI VINAKUTANA

Mutu atauliza: basi wenzi wa safari ni wazuri, vita ni mubaya, tumemaliza? Hapana. Haiko rahisi hivyo.

Katika mwaka 2009 BioWare ilitoa Dragon Age: Origins. Mwandishi wake mukubwa alikuwa David Gaider. Hapo urafiki wenyewe ulipewa namba. Kila mwenzi ana kipimo kutoka 100 chini ya sifuri mpaka 100 juu. Ukisema neno analopenda, kipimo kinapanda. Ukimupa zawadi, kinapanda pia. Na kipimo kikipanda sana, mwenzi anapigana vizuri zaidi. Unaona mutego? Muchezo unafundisha kupenda watu, halafu unalipa upendo kwa nguvu za vita. Kijana anaweza kumuumiza mwenzake kwa neno, kiisha anamupa zawadi mbili, na mambo yanatengenezeka. Dada zetu wanajua wanaume wenye kuishi vile: wiki nzima matusi, siku ya mushahara kitenge. Rafiki wa kweli haiko kipimo cha kujaza.

Lakini mu muchezo ule ule kuna mahali pa maana sana. Jemadari mumoja, Loghain, alimuacha mufalme wake katika vita akakufa, pamoja na mutu ambaye mwenzako Alistair alimupenda kama baba. Mwishoni Loghain anashindwa, na wewe ndiwe unaamua: auawe, ao aachwe hai na atumike kwa kulipa ubaya wake. Ukimuacha hai, Alistair hawezi kuvumilia, na unamupoteza. Zawadi zote ulizompa hazimurudishi. Huruma kwa adui inakugharimu rafiki. Sisi wahubiri tunasemaka kwa wepesi «samehe, samehe», lakini hatuongeaki sana juu ya yule aliyelia na anayeangalia musamaha ukipita mbele ya macho yake. Hadithi hiyo inatuomba tukumbuke kilio cha Alistair pia.

Muchezo uliosifiwa sana katika miaka hii ni Baldur's Gate 3, wa mwezi wa 8 mwaka 2023. Ulitengenezwa na Larian, kampuni ya muji wa Gent kule Ubelgiji, na mwaka ule ule ulipata zawadi ya muchezo bora wa mwaka katika The Game Awards kule Marekani. Hapa vita inaenda kwa zamu, kila mutu kwa nafasi yake, na kikosi ni watu wanne. Mumoja wa wenzi hao, Astarion, aliishi miaka 200 kama mutumwa wa bwana mukatili. Mwishoni anapata nafasi ya kuchukua nguvu za bwana wake, lakini kwa kutoa maelfu ya wengine walioonewa kama yeye. Ukimusaidia, anakuwa na nguvu zaidi mu vita, lakini anageuka na kufanana na yule aliyemutesa. Ukimuzuia kwa maneno ya rafiki, anabaki zaifu kuliko vile angekuwa, na anakuwa huru.

Hapo ndipo kuandika wenzi na kutengeneza vita vinapatana vizuri: wakati muchezo unakuuliza kama unamutaka mwenzako mwenye nguvu ao mwenzako mwenye moyo. Hii ndiyo kipimo changu kwa michezo yote tuliyotaja. Muchezo ambamo mwenzi ni upanga tu, unaukausha moyo. Muchezo ambamo upanga unakubali kupungua kwa ajili ya mwenzi, una kitu cha kufundisha.

HATARI AMBAYO WAZAZI HAWAIONI

Hata hivyo, wazazi, musikilize vizuri. Muchezo huo Baldur's Gate 3 una damu nyingi, una uchi na mambo ya kitanda, na kule Ulaya umepewa alama ya miaka 18. Haiko wa watoto. Na tena, mambo hayo ya kitanda hayatoki mu vita, yanatoka katika sehemu ya wenzi wa safari. Muzazi aliyeangalia damu peke yake hakuona mulango mwingine.

Kuna hatari ingine ya kimya. Mwenzi aliyeandikwa anakungojea sikuzote. Hachoki, hagonjwi, haombi feza ya dawa, haleti mutoto wake analia usiku. Ukimukosea, unarudisha muchezo nyuma na unachagua neno lingine. Rafiki wa kweli hana kifungo cha kurudisha nyuma. Inaomba kwenda ku nyumba yake, kupiga hodi, na kusema: «Nimekosa.» Mezali 17:17 inatuonyesha kwamba rafiki anajulikana kwa upendo wa nyakati zote, na ndugu kwa siku ya taabu. Mutu wa kuandikwa hawezi kuwa na siku ya taabu, na hawezi kukusaidia katika yako. Kijana anayejua siri zote za Dak'kon lakini hajui kwamba jirani yake mu shule hajakula tangu jana, huyo amejifunza kusoma bila kujifunza kupenda.

NENO JUU YA ULOZI

Hapa inafaa tuseme wazi. Wengine wanaona mu michezo hii picha za mashetani na watu wa uchawi, na mara moja wanasema: mutoto huyu ameingizwa mu ulozi. Uchawi wa mu muchezo ni hesabu ya masini: namba fulani inapunguza namba ingine. Muzazi ana haki ya kukataza picha hizo mu nyumba yake, na sisi tunaomwamini Kristo hatuchezi na nguvu za giza. Lakini kukataza muchezo ni jambo moja, na kumushitaki mutoto ni jambo lingine kabisa. Tunajua watoto waliofukuzwa, waliopigwa, waliofungwa mu vyumba vya maombi juu ya shitaka kama hilo. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009, juu ya ulinzi wa mutoto, inakataza kumushitaki mutoto ulozi na inatoa azabu ya kifungo. Na mbele ya sheria ya serikali, kuna Bwana aliyewaita watoto waje kwake. Muchungaji anayemuita mutoto mulozi kwa sababu ya telefone, amuogope Bwana huyo.

TUFANYE NINI KU NYUMBA?

Kwanza, muzazi akae kando ya mutoto wake saa moja na aulize: «Huyu ni nani? Anataka nini? Juu ya nini umemujibu vile?» Utajifunza juu ya mutoto wako kuliko juu ya muchezo. Michezo mingi iko kwa Kiingereza, mingine kwa Kifaransa. Mwambie akufasirie kwa Kiswahili, hiyo tu ni masomo.

Pili, angalia alama ya miaka. Miaka 18 ni miaka 18, hata kama mutoto ni mwenye akili.

Tatu, mupange saa. Sala, masomo, kazi za nyumba na usingizi vina nafasi yao mbele. Muchezo upate kinachobaki.

Ine, tukumbuke kitu kinachoingia mu telefone. Kobalti inayotoka mu udongo wetu iko mu batri za telefone na ordinatere nyingi za dunia. Kuna jasho la mutu ndani ya kile kitu unachoshika. Kijana anayecheza shujaa mwenye kuokoa wadogo, aulize pia juu ya wadogo wanaobeba mifuko ku karieri.

Na kwa ninyi vijana, ninawaachia Daudi mara ingine, lakini Daudi wa siku nzuri. Someni 2 Samweli 23:13-17. Daudi alikuwa na kiu, akatamani maji ya kisima cha Betlehemu, mahali ambapo adui walikuwa wanalinda. Mashujaa watatu wakapenya kati ya adui, wakamuletea maji. Daudi akakataa kuyakunywa, akayamwanga mbele ya Bwana, juu aliona ndani yake damu ya wale waliohatarisha maisha yao. Mufalme huyo huyo, aliyemutumia Uria kama chombo, siku ingine aliona kwamba hata maji ya kunywa ni ya bei kubwa mno kama yanauzwa kwa maisha ya rafiki. Wote wawili wanaweza kukaa mu mutu mumoja. Muchezo unaweza kukuonyesha yupi anakua ndani yako, lakini hauwezi kukugeuza. Anayegeuza ni yule aliyesema mu Yoane 15 kwamba hatuiti tena watumwa, anatuita rafiki.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA MU JAMAA NA MU KUNDI LA VIJANA

1. Kati ya wenzi wa safari mu muchezo unaoujua, nani unamupenda? Ni kwa ajili ya nguvu zake ao kwa ajili ya yeye mwenyewe?

2. Baba anayefanya kazi mbali, afanye nini ili watoto wasimuone kama mugeni? Jamaa imusaidie namna gani?

3. Ulishaona musaada wenye ndoano ndani? Mukristo anaweza kusaidia namna gani bila kumufunga mwenzake?

4. Ukimusamehe mutu aliyemuumiza rafiki yako, utamuambia nini rafiki yako?

5. Ni rafiki gani wa kweli unapaswa kumutembelea wiki hii kusudi umuombe musamaha, bila kifungo cha kurudisha nyuma?